Kumsikia Adui wa Mbele: Kuchagua na Kufunga Kadi ya Sauti kwa Hedifoni za Gemu

Mpwa wangu alikuja Jumamosi moja amebeba kompyuta yake, imefungwa kwenye kanga ya mama yake, na pesa ya kununulia kadi ya sauti iko mfukoni. Baada ya shikamoo hakuzunguka. "Mjomba, adui akipita pembeni namsikia. Akinijia kwa mbele simsikii kabisa, nashtukia nimeshakufa."

Nilimwambia tuache gemu kwanza, aweke wimbo wowote anaoujua. Nikavaa hedifoni. Ngoma ilikuwepo, gitaa lilikuwepo kwa mbali kama linapigwa nyumba ya tatu, lakini mwimbaji hakuwepo. Nikabonyeza kile kitufe kidogo cha kupokelea simu kilichoko kwenye waya, nikakishikilia. Mwimbaji akarudi pale pale, katikati ya kichwa. Nikakiachia, akaondoka.

Kompyuta haikuwa na kosa. Hedifoni yake ina pini ya vipande vinne, naye alikuwa ameichomeka kwenye waya wa kurefusha wenye tundu la vipande vitatu. Njia ya pamoja ambayo umeme wa sikio la kulia na la kushoto hurudia ilikuwa haigusi mahali pake. Likitokea hilo, sauti zilizo sawasawa pande zote mbili hujifuta zenyewe, na unachobaki nacho ni tofauti tu kati ya kulia na kushoto. Mwimbaji hurekodiwa katikati, kwa hiyo hupotea. Adui aliye mbele yako naye yuko katikati. Tukautoa ule waya, tukachomeka hedifoni moja kwa moja, na adui wa mbele akaanza kusikika. Pesa ya kadi ilikuwa bado mfukoni.

Ndiyo sababu nakuomba usinunue chochote leo. Shika pini ya hedifoni yako uipeleke dirishani uitazame. Utaona mistari myembamba, mara nyingi myeusi, inayogawa chuma. Mistari miwili maana yake vipande vitatu: ncha ni sikio la kushoto, kinachofuata ni la kulia, cha mwisho ni njia ya kurudi. Mistari mitatu maana yake vipande vinne, na cha nne, kile cha karibu na plastiki, ni cha maiki. Pini ya vipande vinne inataka tundu la vipande vinne. Kama kompyuta yako ina matundu mawili tofauti, la kijani kwa hedifoni na la waridi kwa maiki, unahitaji kigawanyio chenye pini mbili, ambacho ni kitu cha bei ndogo kabisa katika safari hii yote.

Halafu fanya majaribio mengine mawili. Chomeka hedifoni kwenye simu uisikilize humo. Kama sauti ya sikio moja ni ndogo au inakatika ukitikisa waya, tatizo ni hedifoni, na kadi ya bei yoyote haitaiponya. Kisha, kama unatumia kompyuta ya mezani, hama tundu la mbele uchomeke la nyuma. Tundu la mbele limeunganishwa kwa waya mrefu unaokatiza ndani ya kasha zima, ukipita karibu na kadi ya picha na feni, na njiani unaokota kelele za umeme. La nyuma limekaa kwenye ubao mama wenyewe. Nimeona watu wakimaliza tabu ya miezi kwa kuinama tu nyuma ya meza.

Wanaotumia laptopu wana jaribio lao: chomoa chaja. Kama mvumo mzito unaosikika chini chini unakoma papo hapo, chanzo ni umeme wa ukutani, mara nyingi soketi au ekstensheni isiyo na ethi, au vifaa viwili vilivyounganishwa pamoja lakini vinachukua umeme sehemu mbili tofauti. Viweke vyote kwenye soketi moja iliyofungwa ethi sawasawa. Tafadhali usikubali ushauri wa kukata pini ya ethi ili mvumo uishe. Utaisha kweli, ila na kinga yako dhidi ya kupigwa na umeme imeondoka nao.

Kwa mpwa wangu, tulipomaliza haya yote, lilibaki moja. Kila alipozungusha kipanya kulisikika mkwaruzo mdogo, kama karatasi inayokunjwa chumba cha pili. Gemu lilipopamba moto na kadi ya picha kuanza kufanya kazi kwa nguvu, mkwaruzo uligeuka mluzi mwembamba. Tundu la nyuma lilipunguza, halikuondoa. Hapo ndipo kadi ya sauti ya nje inapostahili pesa yake: inaitoa kazi nyeti nje ya kasha lenye fujo.

Kadi inafanya nini hasa

Gemu hutoa namba. Kadi huzigeuza namba hizo kuwa umeme unaopanda na kushuka, kisha huusukuma umeme huo kwa nguvu ya kutosha kutikisa utando ulioko ndani ya hedifoni. Upande wa maiki hufanya kinyume chake. Kila kompyuta inayotoa sauti tayari ina sehemu ya kufanya hivyo, mara nyingi chipu ya Realtek kwenye ubao mama, na chipu hizo siku hizi ni nzuri. Kinachozishinda ni mambo mawili: kelele za jirani zao ndani ya kasha, na hedifoni nzito kusukuma.

Kwa hiyo usivutwe na namba kubwa za kwenye sanduku. Biti 16 zinatosha kubeba tofauti ya takriban desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, na chumba chenye feni na jogoo wa jirani hakikupi ukimya wa kuimaliza hiyo. Sikio zima la kijana husikia mpaka kiasi cha kilohezi 20. Mpangilio wa kilohezi 48, ambao ndio wa kawaida kwenye gemu, hubeba mpaka 24. Kadi inayotangaza kilohezi 384 haikuongezei hatua hata moja ya adui. Sound BlasterX G6 iliyotoka mwaka 2018 ina namba hiyo, na ni kadi nzuri, lakini uzuri wake kwa mchezaji uko kwenye nguvu ya kusukuma na ukimya wake.

Namba ya kuitafuta ni ya hedifoni yako yenyewe: ukinzani, unaopimwa kwa ohm na kuandikwa Ω. Hedifoni nyingi za gemu ziko kati ya ohm 16 na 64. HyperX Cloud II, kwa mfano, ni 60. Hizo husukumwa na karibu kila kitu. Lakini wachezaji wengi siku hizi wananunua hedifoni za studio kwa sababu zinasikika wazi zaidi, na humo kuna mtego. Beyerdynamic DT 990 Pro ipo ya ohm 80 na ipo ya ohm 250, na kwa macho zinafanana. Sennheiser HD 600 ni ohm 300. Ukiichomeka ya 250 au 300 kwenye laptopu ya kawaida, utafikisha sauti mwisho na bado utahisi watu wananong'ona. Mwenye hedifoni kama hiyo anahitaji kadi yenye amplifaya ya kweli, ikiwezekana yenye swichi ya kuchagua nguvu ndogo au kubwa. Mwenye hedifoni ya ohm 32 akinunua amplifaya hiyo hiyo, atakuwa analipia nguvu asiyoigusa. Tena swichi ikiwa kwenye nguvu kubwa, sauti itaruka kutoka ukimya hadi kelele kwa msogeo mdogo wa kidole.

Ukipata maelezo ya kadi, tazama pia ukinzani wa tundu lake la kutolea sauti. Kanuni ya mafundi ni usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Hedifoni ya 32 inataka tundu la 4 au chini yake. Likizidi sana, besi huweza kuvimba na kuwa ya kizembe, na mshindo wa bomu ukameza hatua za miguu.

Kwa mwenye hedifoni nyepesi na mfuko mwepesi, kifaa ninachokipendekeza mara nyingi kinawashangaza watu: kile kiunganishi kidogo cha Apple cha kutoka USB-C kwenda tundu la hedifoni, kinachouzwa Marekani kwa dola 9. Ndani ya kile kichwa kidogo mna kadi kamili ya sauti, tulivu kuliko vifaa vingi vya plastiki vilivyoandikwa 7.1, yaani sauti ya spika saba, kwa rangi nyekundu, na tundu lake ni la vipande vinne, kwa hiyo maiki inafanya kazi. Kinakubali Windows bila kufunga programu yoyote. Hakikisha tu si toleo la Ulaya, modeli A2155, ambalo hutoa takriban nusu ya volti ya lile la A2049. Na ununue cha kweli, maana vya kuiga ni vingi.

Nani anakuambia adui yuko wapi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Mtu akikuita kutoka kulia, sauti yake hufika sikio la kushoto ikiwa imechelewa kwa chini ya elfu moja ya sekunde, na imefifia kidogo kwa sababu kichwa chako kimesimama njiani. Akikuita kutoka nyuma au juu, mikunjo ya sikio huibadilisha ladha ya sauti, na ubongo wako umejifunza tangu utotoni kuisoma ladha hiyo. Programu inaweza kuyaiga mabadiliko hayo yote kwa hesabu. Ndiyo maana hedifoni yenye spika mbili tu, moja kila sikio, inaweza kukufanya ugeuze shingo ukidhani kuna mtu nyuma ya kiti. Hesabu hiyo kwenye mipangilio ya gemu huandikwa HRTF.

Zamani kadi ndiyo iliyofanya hesabu. Creative ya Singapore ilipotoa Sound Blaster mwaka 1989, kompyuta nyingi zilijua kulia "pii" tu, na miaka ya tisini kadi zilishindana kwelikweli kuweka sauti mahali pake. Windows Vista ilipokuja mwaka 2007, ilibadilisha njia ya sauti, na gemu za wakati ule zikapoteza mlango wa kuikabidhi kadi kazi hiyo moja kwa moja. Tangu hapo kazi imehamia ndani ya gemu lenyewe. Counter-Strike: Global Offensive ilipata HRTF mwaka 2016, Valorant mwaka 2021. Gemu ndilo linalojua adui yuko ghorofa ya pili nyuma ya ukuta wa mbao. Kadi haijui. Kadi inapokea tu kilichokwisha kupikwa.

Sasa tazama kinachotokea mtu anapowasha HRTF ndani ya gemu, kisha akabonyeza kitufe cha 7.1 kwenye kadi, kisha programu ya uelekeo kama Windows Sonic au Dolby Atmos ikawa inafanya kazi kule kwenye Windows. Uelekeo unapikwa mara tatu. Kila mpishi anadhani amepewa vitu vibichi. Matokeo yake ni sauti inayotoka kama mtu anaongea ndani ya tangi tupu la maji, na mbele na nyuma zinachanganyika. Mchezaji anaona hedifoni ni mbovu, anakwenda kutafuta nyingine.

Sheria yangu kwa hili haina msamaha: mahali pamoja tu pafanye kazi ya uelekeo. Gemu likiwa na HRTF au chaguo lake la hedifoni, liachie lenyewe, na uzime vingine vyote. Lisipokuwa nayo, hasa gemu za zamani au zinazotoa sauti ya spika saba, hapo washa kimoja, cha Windows au cha kadi, usikilize, ujaribu na kingine. Jaribio zuri ni hili: ingia na rafiki kwenye uwanja wa mazoezi, fumba macho, mwambie atembee akuzunguke, nawe unyooshe kidole alipo. Dakika tano za mchezo huo zitakuambia zaidi kuliko tangazo lolote.

Ya ndani au ya nje

Vijana wengi ninaowaona Dar es Salaam wanacheza kwenye kompyuta za ofisi zilizotumika, zile za kasha jembamba zilizoletwa kutoka nje, wakaongeza kadi ya picha. Humo nafasi ni finyu. Kadi ya sauti ya ndani lazima iwe ya kimo kifupi, na mara nyingi kadi ya picha imeshaifunika ile sloti ndogo iliyo jirani yake. Hata ikiingia, inakaa katikati ya zile zile kelele tunazozikimbia. Kwa watu hawa jibu ni kadi ya nje ya USB, bila mjadala mrefu. Ya ndani naiona na maana kwa mwenye kasha kubwa, hedifoni nzito, na meza isiyo na nafasi.

Na kwa wenye mashine ya PS5: sauti ya uelekeo inafanywa na mashine yenyewe, na hedifoni yoyote iliyochomekwa kwenye kidhibiti cha mkononi inaipata. Ukitaka kadi ya USB, ni salama zaidi kuchagua ambayo sanduku lake linataja PlayStation kwa jina. PS5 haina tundu la sauti la optiki, kwa hiyo kadi ya zamani iliyotegemea waya huo haitakusaidia. Xbox haikubali kadi za USB za kawaida. Chomeka kwenye kidhibiti. Nintendo Switch inazikubali nyingi tangu sasisho la mwaka 2017.

Hedifoni za Bluetooth nazitaja ili niziweke pembeni. Sauti huchelewa kiasi cha kuonekana, na kwenye nyingi, ukiwasha maiki, sauti yote hushuka kuwa kama ya simu ya zamani. Kwa muziki wa kwenye daladala ni sawa.

Kuifunga

Chomeka kadi kwenye tundu la USB la nyuma ya kompyuta, si kwenye kigawanyio kinachoshirikiana na diski ya nje. Fanya hivyo kabla ya kufungua gemu, kwa sababu gemu nyingi hushika kifaa cha sauti zilichokikuta wakati zinaanza na kuking'ang'ania.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Dirisha la sauti la zamani litafunguka. Kwenye "Playback" chagua kadi yako uiweke kuwa chaguo la kawaida, kisha fungua "Properties" na kwenye "Advanced" weka biti 24 na hezi 48,000. Kama kuna sehemu ya "Enhancements", zima vyote. Mpangilio wa spika uwe "Stereo", isipokuwa umeamua Windows au kadi ndiyo itakayofanya kazi ya uelekeo na maelezo yake yanataka 7.1.

Usifunge dirisha hilo bado. Nenda "Communications" uchague "Do nothing". Windows huja ikiwa imepangwa kushusha sauti zote nyingine kwa asilimia 80 kila inapohisi unaongea na mtu. Yaani rafiki yako akisema "yuko kulia!", kompyuta inaweza kuzima hatua za huyo huyo aliye kulia. Sijui mpangilio mwingine mdogo hivi uliowaua wachezaji wengi hivi. Discord, programu ya kuongea na wenzako, nayo hupunguza sauti kwa namna yake. Itazame humo ndani.

Kuhusu kurekebisha besi na sauti za juu, Equalizer APO ni programu ya bure na inafanya kazi vizuri. Wengi huanza kwa kupandisha sauti za juu ili hatua zisikike, wanaishia na masikio yanayouma. Anza kwa kushusha: punguza desibeli 3 au 4 chini ya hezi 150, pale milipuko inapokaa. Hatua zitajitokeza zenyewe. Na kile kitu cha Windows kinachoitwa "Loudness Equalization" kinavutia kwa sababu kinainua sauti ndogo, lakini kinafuta umbali. Aliye mita 5 na aliye mita 30 wanakuwa wamoja. Mimi sikitumii.

Maiki iweke pembeni ya mdomo, upana wa vidole viwili kutoka kwenye midomo, isipigwe na pumzi. Kabla ya kuongeza nguvu yake kwenye mipangilio, isogeze karibu. Ukiongeza nguvu unaongeza na feni ya mezani. Kama kadi ina uwezo wa kukurudishia sauti yako mwenyewe masikioni, iwashe kidogo. Mtu asiyejisikia hupiga kelele bila kujua, na nyumba nzima inajua anacheza.

Lililobaki ni kiasi cha sauti, na hapa naongea kama mtu mwenye watoto. Shirika la Afya Duniani linaweka kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa mtoto. Kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda unakatika nusu: kwenye 83 ni saa 20, kwenye 86 ni 10, kwenye 89 ni 5. Kadi uliyoinunua sasa ina nguvu ya kukupita kipimo hicho bila sauti kukwaruza, na mkwaruzo ndio uliokuwa ukikuonya zamani. Pandisha sauti ukiwa umetulia, usiku, ukiwa uwanja wa mazoezi, mpaka usikie hatua za rafiki aliye mbali. Simama hapo. Usipange sauti katikati ya mapigano, maana sikio lililochoka huomba zaidi.

Kadi aliyoishia kuinunua mpwa wangu ina kitufe cha kuzungusha. Tulipokipata kile kiasi, alichukua kalamu nyeupe ya kusahihishia, akachora mstari mmoja kwenye kitufe na mwingine kwenye kasha, vikutane. Mama yake amepewa ruhusa ya kukagua.